Kaunda Suti Haimo Kwenye Robota

Siku hizi ukitembea Barabara ya Lamu hapa Malindi utaziona Kaunda suti zimetundikwa milangoni mwa maduka, zimefunikwa nailoni, kila moja na kibandiko cha saizi shingoni. Juzijuzi tu hukuweza kuipata nguo hiyo bila kwenda kwa fundi. Rais William Ruto alipoanza kuonekana nayo kila kukicha mwaka 2023, waheshimiwa na wasiokuwa waheshimiwa walikimbilia kwa mafundi na picha kwenye simu, na cherehani zikalia hadi usiku. Sasa kwa kuwa imeingia madukani ikiwa tayari, watu wamegawanyika mafungu mawili. Wako wanaolia kwamba ushonaji umekwisha, na wako wanaosema ilikuwa homa ya siasa, imeshuka. Mimi naona wote wameshika mkia wakidhani wameshika kichwa. Kaunda suti haikuwapa mafundi kazi kwa sababu ya uzalendo, wala kwa sababu ilimpendeza Rais. Iliwapa kazi kwa sababu haikuwamo kwenye robota la mitumba. Hilo ndilo linaloamua nani ashone na nani akae bure katika mji huu, na tusipolielewa tutaendelea kuwatetea mafundi kwa namna isiyowafaa.

Jina la nguo yenyewe limetokana na Kenneth Kaunda, aliyeitawala Zambia tangu uhuru mwaka 1964 hadi 1991, na ambaye ni nadra kumkuta pichani bila koti lake lisilotaka tai, na suruali ya kitambaa hicho hicho. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, mishono ya ukoo huo watu wazima waliizoea kwa jina la waziri mkuu wa China, Chou En-lai. Ukiifuata nasaba yake nyuma zaidi unafika kwenye koti la safari, lile la kaki lenye mifuko minne, ambalo Mwingereza alilivaa akiwinda na kutawala. Nayasema haya mapema kwa sababu Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa Moses Wetang'ula alipoikataza Kaunda suti bungeni na kuwakumbusha wabunge wanaume kwamba wanatakiwa koti, shati la kola na mikono mirefu, tai, suruali ndefu, soksi na viatu, nchi iligawanyika papo hapo kati ya Uafrika na ukoloni. Mjadala ulikuwa mtamu, ila ulikuwa wa nasaba, na nasaba za nguo hazimsaidii mtu. Tai ilianza na skafu za askari wa Kroatia waliokwenda Ufaransa karne ya 17; Kaunda suti ilianza na kaki ya mkoloni. Ukitafuta vazi lisilo na mgeni ndani yake utatembea uchi.

Swali ambalo halikuulizwa ni hili: suti ya tai inashonwa na nani, na ya Kaunda inashonwa na nani? Hapa Malindi jibu ni jepesi. Suti ya tai, kwa sehemu kubwa, inateremka kwenye gari kutoka soko la Kongowea, Mombasa, ikiwa imebanwa ndani ya robota. Mchuuzi hulifungua asubuhi mapema, zile za kamera, yaani bora kuliko zote, akazitenga kwa wateja wake wa kupigiwa simu, zinazofuata akazitundika, na zilizobakia zikaishia fagia, lile fungu la mwisho. Kwa pesa ambazo hazitoshi kununua hata kitambaa cha koti moja, karani wa ofisi anaondoka na koti la sufu lililoshonwa Ulaya. Na mara nyingine ni koti la maana hasa. Bana ukingo wake wa mbele kwa vidole, chini kidogo ya tundu la kifungo, uvute tabaka la nje na la ndani kila moja upande wake: ukihisi tabaka la tatu linateleza katikati, humo mna kanvasi, kitambaa cha ndani kinacholipa koti umbo, iliyoshikizwa kwa uzi, si kitambaa kilichogandishwa kwa gundi. Mwenyewe wa kwanza alililipia pesa nyingi. Fundi wa barazani, awe bingwa wa mabingwa, hawezi kulishinda koti hilo kwa bei, kwa sababu kazi yote iliyomo ndani yake imekwisha kulipwa na mtu mwingine, katika nchi nyingine.

Ndiyo maana hoja ya kupiga mitumba marufuku ina uzito, na sitaki kuidharau. Viwanda vya nguo vya Kenya vilidhoofika, na vingine vikafungwa kabisa, baada ya soko kufunguliwa miaka ya 1990. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatikisa kiberiti cha AGOA, sheria yake ya kuziingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Kenya ikalegeza kamba mwaka uliofuata, Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru wa soko la Marekani. Kufikia 2019 Kenya ilikuwa inaingiza takriban tani 185,000 za mitumba kwa mwaka. Anayesema fundi hawezi kusimama mbele ya mlima huo anasema kweli. Asichokiangalia ni kilichoko juu ya meza ya fundi siku ya kawaida, isiyo ya Idi wala Krismasi. Atakuta suruali za kupunguzwa kiuno, mashati ya kubanwa ubavuni, na koti la Mjerumani mwenye kifua kipana linalotakiwa limkae kijana mwembamba wa Maweni. Fundi anafumua mshono wa mgongo na wa ubavu, anaingiza ndani, anafupisha mikono. Mkono ukiwa na matundu halisi ya vifungo hauwezi kukatwa chini. Lazima ung'olewe begani ufupishwe kutokea juu, na hiyo ni kazi ya nusu siku ambayo mteja huilipa kwa kununa. Mabega yenyewe fundi anayejua kazi hayagusi. Bega la koti likimzidi mtu, koti hilo si lake, hata angepewa bure.

Kwa hiyo robota linamnyima fundi kazi kubwa na kumpa kazi ndogo, na hiyo ndogo ndiyo inayolipa kodi ya baraza mwezi wa Februari. Marufuku ingemwondolea mkate wa leo bila kumhakikishia wa kesho, kwa maana pengo la robota lingezibwa na kontena la nguo mpya za bei rahisi, si na yeye. Wako wanaotaja mwaka 2020, serikali ilipozuia mitumba kwa miezi kadhaa kwa hofu ya korona. Mwaka huo hauwezi kuwa kipimo cha lolote: harusi zilibanwa, hoteli zilifungwa, shule zilifungwa, na asiye na pa kwenda hashoneshi nguo.

Kaunda suti ilimletea fundi kitu tofauti kabisa, kazi inayoanzia kwenye kitambaa kizima. Ulaya siku hizi hakuna anayeivaa, kwa hiyo hakuna anayeitupa, na kisichotupwa hakifungwi kwenye robota. Fundi akajikuta peke yake sokoni. Kanzu ilikuwa na bahati hiyo hiyo miaka mingi, mpaka viwanda vya nje vilipogundua kwamba Waislamu wa pwani nao ni wateja. Leo kanzu ya tayari inapatikana kila kona na fundi amebakiwa na wale wanaotaka darizi yao ifanywe watakavyo. Kilichotokea kwenye kanzu ndicho kinachotokea sasa kwenye Kaunda suti, ila kwa kasi zaidi. Haikuwa dalili ya mapenzi kuisha. Nguo iliyopendwa na wengi lazima ifuatwe na kiwanda, na aliyetegemea kwamba kiwanda hakitaiona alikuwa anajidanganya.

Hata hivyo kiwanda hakiwezi kila kitu, na hapa ndipo wengi wanapoidharau nguo hii. Wanaiona rahisi kwa kuwa mara nyingi haina bitana, haina tai, haina makeke. Kwa fundi mambo ni kinyume. Koti la kizungu lina mto begani na kanvasi kifuani, vitu vinavyousetiri mwili usiolingana. Kaunda haina pa kujificha. Watu wengi bega lao moja liko chini kuliko jingine, mara nyingi lile la mkono wanaoutumia kwa kazi. Nilipata kumtazama fundi mmoja wa upande wa mji wa kale akimpima mzee mvuvi aliyekuwa akijiandaa kumwoza bintiye. Hakuanza na tepu. Alimwambia, "Mzee wangu, hebu tembea mpaka ile nguzo, kisha urudi." Akaandika daftarini kwamba bega la kulia liko chini nusu inchi, ndipo akachukua kifua, kiuno, na urefu wa mgongo kuanzia kwenye kile kifupa cha chini ya shingo. Siku ya kujaribu, koti likiwa bado limeshikizwa kwa uzi mweupe wa kufumuliwa, mkunjo mmoja ulilala mgongoni chini ya kola. Fundi akaupiga chaki, akaishusha kola kwa upana wa kucha, akalivua koti akaenda nalo ndani. Mzee kwenye kioo hakuona tofauti. Lakini baadaye alipoinua mkono kumwita mjukuu wake, koti halikupanda naye, kwa sababu tundu la mkono lilikuwa limekatwa juu, karibu na kwapa. Kiwandani tundu hilo hukatwa pana ili limwingie kila mnunuzi, na ndiyo sababu mwenye koti la dukani akiinua mkono kupungia watu, koti zima huinuka kama nguo iliyoazimwa.

Joto nalo lina hukumu yake. Wakati wa kaskazi hapa kwetu, koti la sufu lenye bitana ya poliesta ni adhabu, na anayelivaa akionekana nadhifu anaonekana hivyo kwa dakika chache. Si sisi wa kwanza kuligundua hilo. Naples, kusini mwa Italia, miaka ya 1930, mkataji Vincenzo Attolini wa nyumba ya Rubinacci alilichukua koti la Kiingereza akalitoa mito ya mabega, akalipunguzia bitana na uzito wa kifuani, mpaka likakaa mwilini karibu kama shati. Leo mtindo huo unauzwa kwa bei za kutisha, na hakuna anayewaambia Wanapoli kwamba koti lao halijakamilika. Waitaliano tunao hapa Malindi tangu enzi za mradi wa anga wa San Marco pale Ngomeni miaka ya 1960, na wanaojua kuvaa miongoni mwao utawakuta mchana wakiwa na lineni isiyo na bitana. Kuondoa vitu kwenye koti kwa sababu ya hali ya hewa ni ustadi wenye historia. Aliyeamua kwamba heshima ya mwanamume inapimwa kwa idadi ya tabaka alizovaa hakuwahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya Malindi mwezi wa Machi.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inayorudiwa kuliko zote, ni kwamba vijana ndio waliowaua mafundi: eti hawataki nguo ya heshima, wanataka ya kubana, wanataka ya mtandaoni. Wenye kupenda methali huongeza kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Ukikaa kwenye baraza la fundi yeyote utaona mambo ni tofauti. Kijana ndiye anayekuja na picha, ndiye anayejua kwamba suruali isimame juu ya kiatu isikunjamane, ndiye anayerudi kulalamika kwamba paja limelegea. Nguo ya kubana haiwezekani bila vipimo. Ni bwanga ndilo linalomkaa kila mtu. Baba yake alikuwa anaacha kitambaa, anasema "kama ile ya mwaka jana", anaondoka. Kati ya hao wawili, aliyemlazimisha fundi kuwa fundi ni kijana. Na wanaolilia asili ya pwani wakumbuke kwamba Aprili 1498, mfalme wa Malindi alipotoka kuonana na Vasco da Gama baharini, alikuwa na joho la damaski lililopambwa kwa satini ya kijani na kilemba cha thamani. Wageni wenyewe ndio walioliandika hilo. Vitambaa vya namna hiyo vililetwa na pepo za biashara. Sifa ya mji huu tangu zamani ni kujua kuchagua na kujua kuvaa, na hilo vijana hawajalipoteza.

Hoja yenye nguvu ni nyingine, na mafundi hawapendi kuisikia. Ni "njoo kesho". Hakuna mwanamume wa Malindi ambaye hajawahi kukaa kwa fundi usiku wa kuamkia Idi akisubiri kifungo cha mwisho, au asiyemjua bwana harusi ambaye suruali yake ilifika msikitini baada yake. Anayenunua Kaunda ya tayari anajua bega halijakaa, lakini anaondoka nayo mkononi, na mtu mwenye safari hawezi kulaumiwa kwa hilo. Lakini ukiuliza kwa nini fundi anadanganya tarehe, jibu la kwamba ni tabia yao ni jibu la uvivu. Angalia jinsi anavyolipwa. Desturi yetu ni mteja kununua kitambaa mwenyewe, kisha akampelekea fundi. Mwenye duka la vitambaa anakata mita zake, anapata faida papo hapo, amemaliza. Fundi amebakiwa na kitu kimoja cha kuuza, ushonaji, na ushonaji ukitajwa peke yake huonekana ghali kwa bei yoyote ile: "Aa, fundi, kushona tu?" Ndani ya hicho kushona tu mna kupima, kuchora, kukata, kushikiza, kujaribisha, kufumua, uzi, vifungo, umeme na baraza. Kwa kuwa kila nguo inamwachia kidogo, anapokea nyingi kuliko anazoweza. Kwa kuwa hana akiba, arubuni ya mteja wa leo inanunua vifungo vya mteja wa wiki iliyopita. Na kwa kuwa kazi zote huja pamoja, sare za shule Januari, kisha Idi, kisha harusi za Disemba, ule uongo wa tarehe unakuwa ndio njia yake ya kukopa. Anakopa muda wa mteja kwa sababu hakuna anayemkopesha pesa.

Linganisha na Savile Row, mtaa wa mafundi wa London unaotajwa kila watu wanapozungumzia suti ya kushonewa. Huko suti ya vipande viwili hula saa 50 na zaidi za kazi ya mkono, mteja huitwa kujaribu mara kadhaa, na nyumba ndiyo inayomwonyesha vitambaa. Mteja hutajiwa bei ya suti. Hakuna anayesimama mlangoni na furushi lake akiuliza kushona tu ni ngapi. Sisemi fundi wetu atoze bei za London. Wateja wangecheka, na wangekuwa na haki. Nasema kwamba tofauti kubwa kati yao haiko kwenye sindano. Fundi wa Malindi akiweka kabatini lineni nyepesi na vitambaa vichache vizuri vya pamba, akamtajia mteja bei moja ya koti lililokamilika, faida ya kitambaa inahamia kwake, na hiyo ndiyo inayomwezesha kukataa kazi ya kumi na moja. Wako wachache walioanza kufanya hivyo. Ukiwaangalia, ndio hao hao wasiosema kesho.

Serikali imejaribu njia zake, na zimefika zilipofika. Mwaka 2004 Kenya ilizindua vazi la taifa lililobuniwa kwa kamati na mashindano; waulize vijana kama wanaweza kulieleza lilivyo. Mwaka 2019, enzi za Uhuru Kenyatta, watumishi wa umma waliagizwa wavae nguo za Kenya siku za Ijumaa. Agizo hilo lilikuwa na akili zaidi, kwa sababu halikumwambia mtu avae nini, lakini nalo lilitegemea moyo wa mvaaji. Kanuni za mavazi hazitegemei moyo. Benki, mahakama, shule au bunge linapoandika kwamba mwanamume aje na koti la mikono mirefu na tai, limeamua pesa zake ziende wapi: kwa robota au kwa kontena. Likiandika kwamba koti nadhifu la mikono mifupi lenye suruali ya kitambaa kimoja linatosha, au kanzu safi yenye koti juu, limefungua mlango wa fundi bila kutumia shilingi ya umma. Wetang'ula alidhani analinda hadhi ya ukumbi. Bila kukusudia, alitoa uamuzi kuhusu ajira, na waliompinga kwa hoja za Uafrika hawakumwambia hivyo.

Kwa Malindi jambo hili liko karibu kuliko linavyoonekana. Bunge la Kaunti ya Kilifi lilianzia vikao vyake katika mji huu baada ya ugatuzi wa 2013, na hakuna kinachowazuia wawakilishi wa wadi kujiwekea kanuni inayokubaliana na joto la pwani. Hoteli zingeweza kufanya hivyo kesho, kwa makarani wa mapokezi wanaotoka jasho ndani ya makoti meusi ya poliesta yaliyonunuliwa kwa jumla. Nako Nairobi, ule uamuzi ulikuwa wa Spika, na Spika huchaguliwa upya na kila bunge jipya. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Kati ya kutangazwa mshindi na kuapishwa huwa hakuna siku nyingi, na kila aliyechaguliwa, kuanzia wadi hadi Seneti, atataka nguo mpya inayomkaa. Kaunda za dukani zitakuwepo, za kila saizi. Fundi ambaye vipimo vyao anavyo tayari daftarini, na kitambaa tayari kabatini, ndiye atakayeweza kumwambia mheshimiwa "njoo Alhamisi" na ikawa Alhamisi.